Waaustralia na mababu zao wa Uingereza: karatasi zinasema nini, na zimemwacha nani?

Kila mwaka inapofika tarehe 26 Januari, Australia hugawanyika. Wapo wanaosherehekea sikukuu ya taifa kwa bendera na nyama choma. Wapo wanaoingia barabarani kuandamana, wakiiita Siku ya Uvamizi. Wote wanazungumzia tukio moja: tarehe 26 Januari 1788, Kapteni Arthur Phillip alipopandisha bendera ya Uingereza mahali ambapo leo ni jiji la Sydney. Alikuwa na meli 11 kutoka Uingereza, zilizobeba wafungwa zaidi ya 700 pamoja na askari, mabaharia na maofisa.

Mabishano hayo husikika kwenye taarifa za habari kila Januari. Leo tunataka kueleza jambo moja lililo chini yake, ambalo taarifa fupi haipati muda wa kulifikia. Jambo hilo ni ukoo.

Katika nchi hiyo wapo watu wengi wanaoweza kukutajia meli aliyopanda babu wa babu yao, mwaka aliofika, kijiji alichotoka, hata rangi ya macho yake. Na wapo wengine, ambao mababu zao waliishi pale zaidi ya miaka 50,000 kabla ya meli hizo kufika, lakini hawajui mama wa bibi yao aliitwa nani.

Tofauti hiyo ina sababu zake. Tukizifuata, tutaona nani aliandikwa, nani alimwandika, na alimwandika kwa faida ya nani.

Wafungwa: waliandikwa ili wasitoroke

Kati ya 1788 na 1868, Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, wanaume kwa wanawake, kutoka Uingereza yenyewe na Ireland. Wengi walikuwa maskini waliopatikana na hatia ya wizi: nguo, kondoo, kitambaa, vyombo vya ndani. Adhabu ya kawaida ilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha.

Mtu akishahukumiwa, serikali ilimwandika kila hatua. Mahakama ilimwandika, jela ilimwandika, meli ilimwandika, na alipofika aliandikwa upya. Katika kisiwa ambacho leo ni Tasmania, makarani waliandika urefu wa mfungwa, rangi ya nywele na macho, makovu, michoro ya mwilini, kazi aliyoijua, na mara nyingi ndugu aliowaacha nyumbani. Picha za kamera hazikuwapo bado wakati mfumo huo unaanza. Maelezo hayo ndiyo yaliyotumika kumsaka mtu akitoroka.

Kwa muda mrefu familia ziliona aibu. Kuwa na mfungwa kwenye ukoo lilikuwa doa. Mwaka 1856 kisiwa hicho kiliacha jina lake la zamani, Van Diemen's Land, kikaitwa Tasmania, na moja ya sababu ilikuwa kujitenga na sifa ya kuwa jela. Vizazi vilivyofuata vilikaa kimya. Watoto waliambiwa kwamba babu "alikuja tu" kutafuta maisha.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mambo yaligeuka. Wajukuu wa wajukuu walianza kujivunia kile ambacho wazee wao walikificha. Mwaka 2007 UNESCO iliyaingiza madaftari ya wafungwa wa Australia kwenye orodha ya kumbukumbu muhimu za dunia.

Chukua mfano wa Mary Wade. Alikuwa msichana mdogo maskini wa London. Januari 1789 yeye na mwenzake walishtakiwa kwa kumvua mtoto mwingine nguo na kuziiba. Alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kupelekwa Australia. Alifika Sydney mwaka 1790 kwa meli iitwayo Lady Juliana, akazaa watoto wengi, na akafariki mwaka 1859. Mmoja wa wazao wake ni Kevin Rudd, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Australia. Kumbukumbu za kesi ya msichana huyo zinaweza kusomwa bure kwenye intaneti leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, kwa sababu kesi za mahakama ya Old Bailey zilichapishwa na nakala zikatunzwa.

Tukumbuke jina la Rudd. Tutakutana naye tena.

Waliolipiwa nauli: waliandikwa kwa sababu ya fedha

Wafungwa walikuwa sehemu tu ya wahamiaji. Kuanzia miaka ya 1830, serikali za makoloni ya Australia zilianza kuwalipia nauli watu huru kutoka Uingereza, Scotland na Ireland. Zilihitaji vibarua, wachunga kondoo, wafanyakazi wa ndani, na wanawake wa kuolewa.

Fedha za nauli hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na kuuza ardhi. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili, na hawakuiuza wao. Serikali ilitangaza kwamba ni mali ya taji la Uingereza, ikaikata viwanja na mashamba, ikauza, kisha ikatumia mapato kuleta watu wa kuilima.

Kwa kuwa serikali ililipa, ilitaka kujua imelipia nini. Katika koloni la New South Wales, karani aliandika jina la mhamiaji, umri, kazi, kijiji na wilaya aliyotoka, dini, kama anajua kusoma na kuandika, majina ya wazazi wake na kama wangali hai, na ndugu yeyote aliyetangulia kufika. Kwa anayetafuta ukoo leo, ukurasa mmoja wa namna hiyo ni hazina.

Makundi mengine yaliletwa kwa mipango maalumu. Kati ya 1848 na 1850, wakati wa njaa kubwa iliyoiangamiza Ireland, wasichana zaidi ya 4,000 walichukuliwa kwenye nyumba za kutunzia maskini na kupelekwa Australia. Kati ya 1852 na 1857, chama cha kusaidia uhamiaji kiliwasafirisha watu karibu 5,000 kutoka nyanda za juu na visiwa vya Scotland, familia nzima nzima. Orodha zake, familia kwa familia, zipo hadi leo kwenye hifadhi ya taifa ya Scotland.

Na wale waliojilipia wenyewe? Hao ndio wagumu kuwapata. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851, watu walimiminika. Idadi ya wakazi, bila kuhesabu wenyeji wa asili, ilipanda kutoka karibu 430,000 mwaka huo hadi milioni 1.7 mwaka 1871. Wengi walipanda meli kwa nauli yao, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwauliza mama yao anaitwa nani. Kwenye orodha nyingine utakuta "Bwana Smith" tu, bila jina la kwanza wala umri.

Ndiyo maana mwizi wa nguo ana kumbukumbu nyingi kuliko fundi mwaminifu aliyelipa nauli yake. Karani hakuandika kwa ajili ya vitukuu. Aliandika kwa ajili ya mwajiri wake.

Msako unavyofanyika

Wataalamu wa nasaba wanashauri kuanza na walio hai na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Unauliza wazee, unaandika majina, kisha unatafuta cheti cha kifo cha aliye mbali zaidi unayemjua.

Vyeti vya koloni la Victoria ni maarufu kwa jambo hili. Usajili wa serikali ulianza huko mwaka 1853, na cheti cha kifo kiliandika mahali marehemu alipozaliwa, majina ya wazazi wake, ameishi Australia miaka mingapi, alimwoa au aliolewa na nani, na watoto wake. Ukijua mtu alifariki mwaka 1890 akiwa ameishi koloni miaka 38, unajua utafute meli za mwaka 1852 au karibu yake. Hifadhi ya nyaraka ya Victoria imeweka orodha za wasafiri kwenye intaneti, na kutafuta majina humo ni bure.

Kutoka kwenye meli unavuka bahari. England na Wales zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Julai 1837, Scotland mwaka 1855, na Ireland kwa watu wote mwaka 1864. Kabla ya hapo unategemea madaftari ya ubatizo na ndoa ya makanisa. Sensa ya Uingereza ya mwaka 1841 nayo husaidia, kwa kuwa iliandika majina ya watu nyumba kwa nyumba.

Mitego ipo. Wahamiaji wengi hawakujua kuandika, wakaweka alama ya msalaba mahali pa sahihi. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, na lafudhi ya Ireland masikioni mwa karani wa London ilizaa majina mapya. Pia wapo akina John Smith na Mary Murphy mamia kwa mamia. Kosa kubwa la siku hizi ni kunakili ukoo ambao mtu mwingine ameuweka mtandaoni bila kuona karatasi yenyewe. Kosa moja likinakiliwa mara 50 huanza kuonekana kama ukweli.

Karatasi nazo hufa

Mnyororo huu hukatika kirahisi. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko na moto viliteketeza hifadhi ya taifa ya Ireland mjini Dublin. Sehemu kubwa ya sensa za karne ya 19 zilizokuwa zimebaki ikawa majivu. Vitukuu vya wale wasichana wa njaa bado wanaumia kwa hasara hiyo. Miaka 100 baadaye, Juni 2022, watafiti walifungua hifadhi mpya ya kidijitali, wakikusanya nakala zilizokuwa zimesambaa katika maktaba za nchi mbalimbali ili kuziba pengo kadiri inavyowezekana.

Sydney nako, Septemba 1882, jengo kubwa la maonyesho liitwalo Garden Palace liliungua, na nyaraka za sensa ya 1881 zikaungua nalo. Mbali na moto, ilikuwa kawaida Australia kuharibu fomu za sensa zenye majina baada ya kuhesabu watu. Ni mwaka 2001 tu ndipo wananchi walipoulizwa kama wangependa majina yao yatunzwe kwa miaka 99 kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Walioandikwa na wengine

Sasa turudi kwa wenyeji wa asili.

Katika karne hiyo ya 19, walowezi waliwabandika wenyeji majina ya kizungu ya kwanza tu, bila jina la ukoo. Mahali pengine waliandikwa walipopewa kitu. Koloni la New South Wales liligawa mablanketi kila mwaka, na katika miaka ya 1830 makarani waliandika jina la kizungu la mpokeaji, jina lake la asili, umri, wake na watoto, kabila na eneo lake. Leo orodha hizo za mablanketi ni miongoni mwa karatasi chache ambamo wazao wanaweza kukuta jina halisi la babu yao.

Katiba ya Australia iliyoanza kutumika mwaka 1901 ilisema wenyeji wa asili wasihesabiwe katika idadi ya watu wa taifa. Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967.

Lililouma zaidi ni watoto. Kwa miongo mingi serikali na taasisi za dini ziliwachukua watoto wa wenyeji kutoka kwa mama zao na kuwalea kwenye vituo au katika familia za wazungu. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 alichukuliwa kati ya mtoto 1 katika kila 10 na mtoto 1 katika kila 3. Wengi walipewa majina mapya. Wanaitwa Vizazi Vilivyoibwa. Tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa.

Waziri mkuu huyo alikuwa Kevin Rudd, mzao wa Mary Wade. Yeye anaweza kusoma kesi ya bibi yake wa mwaka 1789. Baadhi ya watu aliowaomba radhi hawakuwahi kupata hata karatasi inayotaja mama yao.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya moyo tu. Hapana, ni mambo ya ardhi pia. Mwaka 1992 mahakama kuu ya Australia, katika kesi ya Mabo, ilikubali kwamba wenyeji wana haki ya asili ya ardhi yao, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria. Lakini anayedai lazima athibitishe kwamba anatokana na waliokuwapo Waingereza walipojitangazia mamlaka, na kwamba mila zao hazikukatika.

Watu wa Yorta Yorta, kandokando ya mto Murray, walijaribu. Mwaka 1998 jaji aliwakatalia. Katika kupima ushahidi, aliyapa uzito mkubwa maandishi ya Edward Curr, mlowezi wa kizungu aliyefuga kondoo katika eneo hilo miaka ya 1840, kuliko simulizi walizozitoa wazee mbele yake. Desemba 2002 mahakama kuu ilitupa rufaa yao, majaji 5 dhidi ya 2. Aliyechukua malisho yao ndiye aliyekuwa na kalamu, na kalamu yake ikatumika kuwapima wazao wao zaidi ya miaka 100 baadaye.

Oktoba 2023 Waaustralia waliulizwa kwa kura kama waunde chombo cha kikatiba cha wenyeji kulishauri bunge. Karibu asilimia 60 walikataa. Ndiyo maana kila tarehe 26 Januari mjadala unarudi palepale.

Leo funguo ziko kwa nani?

Swali la nani anashika karatasi halijaisha. Maktaba ya taifa ya Australia ina huduma iitwayo Trove, ambapo mtu yeyote anasoma bure mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani: meli zilizofika, matangazo ya ndoa, vifo, kesi. Wananchi wenyewe hujitolea kusahihisha maandishi yaliyosomwa vibaya na kompyuta. Mwishoni mwa 2022 maktaba ilionya kwamba fedha zingekwisha katikati ya 2023. Baada ya kelele za wananchi, Aprili 2023 serikali ilitangaza dola milioni 33 za Australia kwa miaka minne, na fedha za kudumu kila mwaka baada ya hapo.

Upande mwingine ni biashara. Kampuni ya Ancestry, inayotoza ada kwa wanaotafuta ukoo, iliuzwa mwaka 2020 kwa wawekezaji wa Blackstone kwa dola za Marekani bilioni 4.7. Huduma ya FamilySearch ni bure na inaendeshwa na kanisa la Wamormoni, ambalo imani yake inahimiza kutafuta mababu.

Kisha kuna vipimo vya mate, yaani DNA. Vinaweza kukuonyesha ndugu wa damu usiyemjua, lakini haviwezi kukuambia babu yako alipanda meli gani. Na vina hatari yake. Kampuni ya Marekani ya 23andMe iliingiliwa na wadukuzi mwaka 2023, na taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikaguswa. Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na wateja wake duniani wakabaki wakijiuliza taarifa za damu yao zitauzwa kwa nani. Hatimaye zilinunuliwa na shirika linaloongozwa na mwanzilishi mwenza wa kampuni hiyohiyo. Neno la siri linaweza kubadilishwa. Damu haibadiliki, na si yako peke yako: ni ya watoto na ndugu zako pia.

Tunalochukua hapa

Msikilizaji anayesoma haya kwenye simu yake kijijini anaweza kuuliza, Australia inamhusu nini. Kuna jambo moja. Wale wahamiaji hawakukumbukwa kwa sababu walikuwa watu wakubwa. Wengi walikuwa maskini wasiojua kusoma. Walikumbukwa kwa sababu karatasi yenye jina lao iliandikwa, ikatunzwa, na ikafunguliwa kwa watu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, mnyororo hukatika. Na wazee wa Yorta Yorta wanatufundisha kwamba simulizi ya mdomo, hata ikiwa ya kweli, inaweza kuwekwa kando mbele ya jaji kama kilichoandikwa pekee ni cha mgeni.

Kama una mzee nyumbani anayeujua ukoo wenu, mkalishe mwulize. Simu hiyohiyo inarekodi sauti. Mwulize majina yote mtu aliyoitwa, mahali alipozaliwa, alihama lini na kwa nini, mashamba yalipakana na nani. Andika tarehe ya mazungumzo na majina ya waliokuwapo. Kisha weka nakala nyumba mbili tofauti, maana karatasi iliyo nyumba moja huungua na nyumba hiyo.